Nilishika mlango siku Dismas alipopigwa vyumbani, halafu nikasema aliteleza

Wakuu, nawasalimu wote, mlio kazini, mlio shambani na mnaosoma huku mnaumwa.

Kwa kawaida humu mimi ni msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, napita zangu. Leo naandika mwenyewe, na nitakayoandika ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Timu siitaji. Ilikuwa ya ligi ya chini huku Ruangwa na ilishavunjika, kwa hiyo msihangaike kukisia, siyo hiyo mnayoiwaza.

Naandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, herufi zikikosewa mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, Mmwera, niiteni Hamisi. Nilicheza beki ya kushoto misimu saba. Sikuwa staa, lakini nilikuwa mtu wa kuaminika. Sinywi, naswali, kambini nilikuwa naitwa nikasuluhishe wanaogombana. Mkumbuke hilo la kuaminika, maana ndilo lililoniponza.

Timu yetu ilikuwa na kitu tulichokiita mapokezi.

Mchezaji mpya akija, wakongwe wanampokea. Anapandishwa juu ya benchi vyumbani akiwa na bukta tu, anaimbishwa, anamwagiwa ndoo ya maji tuliyoloweka soksi, anapigwa kwa taulo bichi. Mimi mwenyewe nilipofika nilipokelewa hivyo. Nilitapika. Kesho yake wakanishika bega wakaniambia sasa wewe ni mwenzetu, nikafurahi kama mjinga.

Mkuu wa mapokezi alikuwa kapteni wetu, nimwite Shaibu. Mshambuliaji. Nusu ya magoli yetu alikuwa anafunga yeye. Uwanjani ukipigwa kiwiko na mpinzani, Shaibu ndiye wa kwanza kufika kukutetea. Vyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa.

Sasa akaja Dismas.

Dismas alitoka Mnero, kijana wa miaka ishirini na tatu, Mmakua, mrefu, mkimya. Ana mke na mtoto mdogo. Siku ya kwanza kocha wetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alimwambia ajitambulishe. Akasema yeye anacheza "peki wa kati".

Wenzetu Wamakua wengi, hasa waliokulia kijijini, ndivyo ulimi wao unavyokwenda. Beki inakuwa peki, gari inakuwa kari. Na sisi Wamwera tunayo yetu, bibi yangu mpaka anakufa Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Lakini siku ile tulicheka wote kana kwamba tumezaliwa redioni.

Kuanzia hapo jina lake likawa Peki.

Mapokezi ya wengine yalikuwa siku moja. Ya Dismas yalichukua wiki tano. Kila baada ya mazoezi Shaibu anampandisha kwenye benchi, anamwambia sema "bado", sema "dada", sema "gari". Akikosea, taulo. Akipatia, anaambiwa rudia haraka haraka mpaka akosee, halafu taulo.

Alikuwa anavumilia. Anashuka kwenye benchi, anavaa shati lake taratibu, anatuaga mmoja mmoja, anaondoka. Huko kutuaga kulikuwa kunanikera kuliko kitu chochote. Nilikuwa natamani atukane.

Na uwanjani, wakuu, alikuwa mzuri. Mpira wa juu alikuwa haukosi. Mwalimu alianza kumpanga mechi ya pili tu, na aliyepoteza namba alikuwa rafiki mkubwa wa Shaibu. Nadhani mmeshaelewa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jioni, tumetoka mazoezini, jua bado lipo. Shaibu alinipitia pembeni akaniambia nikae mlangoni, Mwalimu asije akaingia ghafla. Nikaenda. Nikaegemeza mgongo kwenye mlango.

Sikuuliza wanataka kufanya nini. Nilijua.

Siku hiyo Dismas alikataa kupanda kwenye benchi. Hakugomba, alisema tu kwamba amechoka na anataka kwenda nyumbani. Akachukua begi lake akaja moja kwa moja mlangoni, akasimama mbele yangu. Karibu kabisa, nasikia harufu ya jasho lake.

Akasema, "Kaka Hamisi, nipishe nipite."

Nikamwambia, "Vumilia, mdogo wangu. Leo ndiyo mwisho."

Alikuwa bado ananiangalia mimi pale Shaibu alipomfikia kwa nyuma na kumpiga kofi la mkono mzima kwenye sikio la kushoto.

Sauti ya lile kofi ilikuwa ndogo. Watu wanadhani kitu kibaya lazima kiwe na kelele. Dismas aliachia begi, akachuchumaa, akaziba sikio kwa kiganja. Alipotoa kiganja kilikuwa na maji maji yenye damu.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wetu akaenda kufungua bomba, sijui hata alikuwa anataka kufanya nini.

Mwalimu akagonga. Nikafungua.

Shaibu akawahi kusema kwamba Dismas ameteleza kwenye sabuni, kajigonga ukutani. Mwalimu akatuangalia wote, halafu macho yake yakasimama kwangu.

"Hamisi, kateleza?"

"Kateleza, Mwalimu."

Hayo maneno mawili nimeishi nayo miaka sita.

Kwenye zahanati walisema ngoma ya sikio imetoboka, aende hospitali kubwa. Alikwenda, akatibiwa, akakaa kwao Mnero wiki tatu. Sikwenda kumwona. Sote hatukwenda. Aliporudi mapokezi yalikuwa yamekoma, na jina la Peki halikuitwa tena. Nikajidanganya kwamba mambo yamekwisha.

Mechi ya pili baada ya kurudi, tuko nyumbani, uwanja umejaa. Ukaja mpira wa juu, wa kawaida kabisa. Kipa wetu akatoka langoni akipiga kelele, "Yangu!" Mimi niliyekuwa mbali zaidi niliisikia. Dismas, kipa akiwa upande wake wa kushoto, hakusikia. Akaruka, akapiga kichwa, mpira ukampita kipa ukaingia kwetu.

Matusi ya jukwaani siku ile siwezi kuyaandika humu.

Mapumziko tukaingia vyumbani, chumba kile kile. Mwalimu akamwendea Dismas moja kwa moja. Akamuuliza mbele ya watu, "Wewe ni kiziwi?"

Dismas akasema, "La kushoto halisikii, Mwalimu."

"Tangu lini?"

Wakuu, alinyanyua uso akatupitia sote, Shaibu alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa, halafu akaniangalia mimi.

"Tangu nilipoteleza."

Ule uongo tulioutunga sisi, aliusema yeye kwa mdomo wake ili mimi nisiumbuke. Au ili anionyeshe. Mpaka leo sijui ni kipi.

Hakucheza tena. Dirisha dogo la usajili lilipofika jina lake halikuwemo kwenye orodha. Aliondoka asubuhi tukiwa mazoezini. Safari hiyo hakutuaga.

Miaka ikaenda. Goti langu likafa, nikarudi Nachingwea, sasa hivi nafanya kazi kwenye ghala la korosho. Mpira nikawa naangalia kwenye vibanda vya televisheni tu.

Mwaka jana Shaibu akanitafuta. Amepewa timu moja ya mtaani aifundishe, anataka mimi niwe msaidizi wake. Nikakubali, sitadanganya, nilifurahi. Siku ya kwanza wanakuja wachezaji wapya wawili, watu wazima kabisa. Tunamaliza mazoezi, Shaibu anamgeukia kapteni wake anamuuliza kwa utani, hawa wageni mmeshawapokea?

Nikachukua viatu vyangu nikaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata nikapanda bodaboda mpaka Mnero.

Kuuliza hakukuchukua muda. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho dawa, nikamkuta shambani kwake na mashine mgongoni, kajifunga kitambaa usoni, salfa imemfanya mweupe. Niliita mara tatu. Mke wake ndiye aliyekwenda kumgusa bega, halafu akaniambia bila hasira yoyote, "Shemeji, kaa upande huu wa kulia, huko mtachoshana."

Tukakaa. Mama yule akatuletea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na maji. Dismas akaniuliza habari za goti, kumbe alisikia. Nikaona nisipoanza sitaanza. Nikamwambia nimekuja kusema ukweli kuhusu siku ile, kwamba hakuteleza, kwamba nilishika mlango, kwamba nilimdanganya Mwalimu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kaka, mimi nilikuwepo. Kamwambie asiyejua."

Nikamuuliza ni nani huyo.

"Mwalimu. Yule mzee aliniacha kwa sababu mliyompa nyinyi. Alinipanga wakati hakuna mtu ananijua. Sitaki afe akidhani mimi ni mzembe, niliyeteleza kwenye sabuni nikaharibu mwili wangu mwenyewe."

Alisema hivyo kwa heshima kubwa. Nikaona kwamba katika mpira wote ule, mtu mmoja tu ndiye aliyebaki msafi machoni pake, na ni Mwalimu.

Mwalimu siku hizi yuko Chiola, analima ufuta. Nilimfuata wiki ile ile. Nilimkuta barazani anashona gunia. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza yote bila kujitetea.

Hakuacha kushona. Nilipomaliza akavuta uzi akaukata kwa meno.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Hamisi, nimefundisha mpira miaka mingapi? Sabuni inatoboa sikio? Nilikuuliza wewe kwa sababu ungesema kweli ningelazimika kumfukuza Shaibu. Uliposema kateleza, nilishukuru."

Nikamuuliza, na siku ya "wewe ni kiziwi"? Akasema siku ile alikuwa amefungwa goli, na mtu akifungwa goli anasema chochote. Halafu akaniuliza kama nitakula. Nilikataa. Alikuwa amezeeka, nilishindwa hata kumchukia sawasawa.

Kabla ya kwenda Chiola nilikuwa nimempitia Shaibu uwanjani nikawaeleza wachezaji wake mbele yake kilichompata Dismas. Shaibu akasema tu, "Na mlango ulishika wewe." Nikasema ndiyo, nilishika. Wale wapya wawili sijui kama walibaki. Mwenyekiti wa timu alinipigia akanipa pole kwa msongo wa mawazo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Siku mbili baada ya Chiola, Dismas alinipigia. Ndiyo mara ya kwanza kunipigia maishani. Alitaka kujua kama nimemwona Mwalimu, na alisemaje.

Nilikuwa ghalani, nimekaa juu ya magunia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba mzee amesikitika, ameomba nimfikishie pole. Ingekuwa rahisi. Ingekuwa na maneno mawili, matatu. Lakini nikajiambia, wewe Hamisi si ulifunga safari kwa ajili ya ukweli?

Nikamwambia, "Dismas, Mwalimu alikuwa anajua. Tangu siku ile."

Nikadhani mtandao umekatika. Nikaita jina lake.

Akauliza, "Alikwambia yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Nilisikia anapumua. Kisha simu ikakatika.

Nilipiga jioni hiyo, ikaita tu. Kesho yake nikapiga tena, akapokea mke wake. Akanisalimia vizuri, akaniambia baba hajaenda shambani leo, amelala. Nikamwomba ampe simu. Nikamsikia akimuuliza, kisha akasema, "Shemeji, amesema ameshasikia. Anaomba usipige tena."

Sijapiga tena. Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo.

Nilichojifunza, wakuu, sijui kama kinafaa kuitwa funzo. Kile tulichokiita mapokezi hakikumjenga mtu yeyote. Hakikunijenga mimi, kilinifundisha tu kusimama mlangoni. Kama upo kwenye timu, kambi, bweni, kazini, na unamwona mgeni anapandishwa juu ya benchi, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado unaweza kumsaidia. Ukichelewa miaka sita, ukweli wako unaweza usimsaidie mtu. Mimi wa kwangu nahisi ulimnyang'anya Dismas mtu wa mwisho wa mpira ambaye yeye alikuwa bado anamheshimu.

Wanaotaka kunitukana, tukaneni, nimekuja nikijua hilo. Ila kabla hamjatukana nijibuni hili moja, hasa nyinyi mliowahi kuonewa vyumbani.

Ingekuwa ni wewe upande wa pili wa simu, ungetaka kuambiwa?