Tulikwenda Uvira kuasili watoto wawili, nikang'ang'ania jina, tukarudi mikono mitupu

Wakuu, salaam.

Ninatumia jina la bandia, lakini nitakayoyasimulia ni kweli tupu, na sehemu inayonifedhehesha sitairuka. Ndiyo hasa inayonifanya niandike.

Nina miaka arobaini na saba. Ninafundisha katika chuo kimoja mkoani Kigoma, na kwa muda mrefu nilikuwa mzee wa kanisa.

Mimi na mke wangu, Agnes, hatukujaliwa mtoto. Mimba tatu zilitoka. Baada ya ile ya tatu, kila palipokuwa na ibada ya kuweka watoto wakfu kanisani, Agnes alijitolea kubaki jikoni kuwapikia wageni. Hakuna aliyemuuliza sababu, hata mimi.

Kisha akaja Byamungu, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Uvira, aliyehudhuria mkutano wa injili kwetu. Alitueleza habari za watoto wawili wa mtaa wa Nyamianda: Furaha, msichana wa miaka saba, na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Wazazi wao walikufa mto ulipofurika na kushusha mawe kutoka mlimani. Walilelewa na mama mzaa baba, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwomba Byamungu awatafutie watu wa Mungu kabla hajafa.

Agnes alisikiliza akiwa ameshika sufuria ya chai. Hakuiweka chini hadi Byamungu alipomaliza.

Tulifunga na kuomba kwa siku saba. Akina mama wa kanisa wakafuma masweta mawili. La kwanza lilitariziwa FURAHA kifuani kwa uzi mweupe. La pili lilitariziwa SAMWELI.

Mtoto yule hakuitwa Samweli. Aliitwa Kashindi.

Hapa nieleze kidogo. Tulikuwa tukifundisha kwamba jina la marehemu wa ukoo ni mlango, na kwamba vifungo vyake vyote hupitia hapo. Mwalimu wa somo hilo katika semina za wanandoa nilikuwa mimi. Niliposikia kwamba mtoto amerithi jina la babu yake, sikuuliza babu huyo alikuwa mtu wa namna gani. Jumapili ya kuagwa nilisimama madhabahuni nikatangaza kwamba tunakwenda kumleta Samweli, na kanisa zima likapiga vigelegele.

Tulipita Manyovu hadi Bujumbura, tukavuka mpaka baada ya Gatumba, tukaingia Uvira mchana. Mji ule umebanwa kati ya mlima na ziwa. Ziwa lenyewe ni hili hili letu, na jambo hilo lilinidanganya. Nilidhani nimefika kwa watu ninaowajua.

Bibi yule, ambaye wajukuu walimwita Tate kama wanavyowaita bibi kule, alitupokea akiwa ameketi mkekani. Mvulana alikuwa ameegemea goti lake, anatafuna muwa.

"Mukaribie, mukae," alisema. "Uyu ndiye bwana yangu. Mutamukamata, lakini mujue anakula sana na hatumiki kazi."

"Tate, bwana yako anakojoa mu kitanda," Furaha akadakia.

"Nyamaza weye! Wabwana wote wako na makosa yao."

Agnes alicheka hadi akajifuta machozi. Sikuwa nimemwona akicheka namna ile kwa miaka. Siku tatu zilizofuata alikuwa akienda Nyamianda asubuhi na kurudi jioni, nguo zikinuka moshi na dagaa. Furaha alimfundisha kumbeba mdogo wake mgongoni namna anavyopenda, mguu mmoja nje ya kitenge.

Byamungu alikuwa amehangaikia makaratasi kwa miezi minane. Siku ya nne tulikwenda tribinali, yaani mahakama, sote sita. Karani alisoma majina, akamuuliza Tate kama anakubali kwa hiari yake. Akajibu kwamba anakubali. Karani akanigeukia.

"Papa, batoto watabakia na majina yao?"

Nikasema Furaha abaki Furaha, mvulana aandikwe Samweli.

Tate alinigeukia.

"Jina Kashindi iko na makosa gani?"

Nilimjibu kwa upole wa mtu anayejua kuliko anayemjibu. Nilimwambia kwamba tunataka mtoto aanze maisha mapya, asifungwe na mambo ya mababu.

"Mambo gani? Bwana yangu alikuwa katekista. Alifundisha batoto ya Nyamianda kusali mbele weye uanze kusoma. Na minye mwenyewe nilibatizwa mbele weye uzaliwe."

Byamungu aliinamisha kichwa.

"Mwalimu," Agnes akaniambia kwa sauti ya chini, ndivyo anavyoniita. "Mwache aitwe jina lake. Nakuomba."

Wakuu, nilikuwa na nafasi. Neno moja tu, na watoto wale wangekuwa wangu. Lakini niliona vigelegele vya kanisa, nikaona sweta, nikajiona mimi nikirudi madhabahuni kusema kwamba nilikosea. Nikajibu kwamba jambo hilo lilishaamuliwa mbele za Mungu.

Tate aliinuka kwa kushika ukingo wa meza ya karani.

"Mutoto wangu alikufa na hatukupata hata mwili. Bwana yangu amebakia mu jina ya uyu mutoto tu. Nilikuita ulee batoto, sikukuita uzike bwana yangu mara ya pili."

Akamshika mvulana mkono, akatoka naye. Furaha alimtazama Agnes, akamtazama bibi yake, kisha akafuata.

Karani alifunga jalada. "Muende mupatane kwanza, papa. Mukipatana, murudie."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Nyamianda nikiwa tayari kusalimu amri. Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani alisema kwamba Tate amepanda gari kwenda Katogota, kule bondeni, kwa kaka yake, pamoja na watoto.

Tukawafuata, mimi, Agnes na Byamungu. Tate alitukaribisha vizuri, akatupa ugali na samaki. Nilipiga magoti, nikasema Kashindi abaki Kashindi, na nitie sahihi popote anapotaka.

"Jana ungesema hivi, ningekupa wote wawili," alisema bila hasira. "Leo nitakupa namna gani? Kwenu iko mbali. Kule ngambo utamuita vile unapenda, na minye sitasikia."

Hata mimi sikuwa na hakika kwamba nisingefanya hivyo.

Agnes aliwaachia masweta yote mawili. Njia nzima hadi Kigoma hakunilaumu. Bado hajanilaumu, na ningependa anilaumu.

Kanisani nilieleza kwamba makaratasi yalikwama. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho madhabahuni; mwezi uliofuata nilijiuzulu uzee wa kanisa.

Mwaka mmoja baadaye Byamungu alitutumia picha kwa WhatsApp. Kashindi amesimama mbele ya shamba la mpunga, amevaa lile sweta. Herufi zimefumuliwa moja moja, lakini matundu ya sindano bado yanaonyesha zilipokuwa. Agnes ameichapisha picha hiyo na kuiweka ndani ya Biblia yake.

Tangu hali ya usalama ilipochafuka kule bondeni, namba ya Byamungu haipatikani. Hatujui kama Tate yu hai, wala watoto wako wapi. Agnes anawaombea kila siku kwa majina yao, na mimi ninaitikia amina.

Nililojifunza ni hili: nilikwenda kuwaokoa watoto bila kuuliza ni watoto wa nani, na imani niliyoitumia kumfungia mlango babu yao ilikuwa ni imani yake pia, aliyoishika kabla yangu.

Karibuni mseme, hata kama ni kunisema mimi. Na kama yupo humu mtu wa Uvira, au aliyekimbia kutoka Katogota, aliyewaona bibi mwenye miguu mibovu, msichana aitwaye Furaha na mdogo wake, tafadhali aandike hapa chini.

Mvulana anaitwa Kashindi. Msimuulizie kwa jina lingine.