Kimya cha Mjumbe wa Mutomo

Kabla ya kuingia kwenye bodi ya shirika, Syombua hakuwahi kuhudhuria mkutano akiwa ameketi kwenye kiti chenye mikono. Katika mwethya wao, kikundi cha kazi za pamoja, wanawake arobaini na wawili walikaa chini, majembe yao miguuni, na yeye kiongozi alisimama. Alitaja kazi: leo matuta kwa Mbinya, kesho mchanga wa shule. Waliokubali waligonga mpini wa jembe ardhini. Kazi isiyotakiwa haikupingwa kwa maneno. Ilipokelewa kwa kimya ikaishia hapo, na hakuna aliyeulizwa kwa nini hakugonga. Walifanya hivyo ili mtu asiaibishwe mbele ya wenzake. Kwa miaka kumi na minne, hakuna aliyekosea maana ya kimya hicho.

Kilonzo aliijua maana hiyo kuliko wengi. Mama yake, marehemu Kalondu, alilima na kikundi hicho akiwa amembeba mgongoni. Kilonzo alisoma, akawa mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa Shirika la Inuka, ambalo lilikuwa na ofisi katika mji wa Kabati na lilifanya kazi Kitui na kule ambako leo ni Makueni. Mwaka wa 1985, njaa ya mahindi ya manjano ya msaada ilipopungua, wafadhili walitoa sharti: theluthi ya bodi iwe watu wenyewe wanaosaidiwa. Kilonzo alifika kwa Syombua, Mutomo, na kilo mbili za sukari, akakataa kukaribishwa sebuleni, akaketi jikoni.

"Mwaitu," alimwambia, akimwita kama alivyomwita mama yake mzazi, "wale wengine kwenye bodi wanajua barua. Wewe unajua watu."

Syombua alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mzee wa kanisa, na hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Alikubali kwa sababu ya lile neno mwaitu.

Bodi ilizungumza Kiingereza. Syombua aliombwa kufungua mikutano kwa sala, na mwishoni Kilonzo alimweleza kwa Kikamba yale yaliyoamuliwa. Katika mkutano wa tatu liliamuliwa jambo zuri: shirika lingejenga bwawa kwenye kijito cha Ngwani, kilomita mbili kutoka kwake, mradi wanakijiji watoe mawe. Habari hiyo aliipeleka yeye mwenyewe. Aliposema bwawa, mipini ilipigwa hadi vumbi likainuka.

Walibeba mawe kwa miezi mitano, kamba kichwani, kutoka mlimani hadi kijitoni. Mbinya alibeba hadi mimba yake ikawa ya miezi minane, na alipoambiwa apumzike alisema huyu anayekuja ndiye atakayekunywa hayo maji, acha naye abebe. Rundo lilifika urefu wa ukuta wa kanisa. Lori likaleta mifuko sitini ya saruji, ikawekwa nyuma ya madhabahu, watu wakawa wanaimba huku wakikohoa kwa vumbi lake.

Mwezi wa Machi 1987, katika ofisi ya Kabati, Kilonzo alimgeukia Syombua kabla mkutano haujaisha. Akamweleza kwamba bwawa lingehamishiwa karibu na mji wa Salama. Barabara ya Mombasa inapita hapo. Wageni wa wafadhili wangetoka Nairobi asubuhi, waone maji, warudi kula chakula cha mchana. Mutomo ni mbali na barabara ni mbovu. Zamu yao ingekuja.

Syombua hakujibu. Aliweka mikono mapajani, akatazama meza. Jambo limekufa, aliwaza. Mtoto wa Kalondu ameona. Katibu wa bodi, Waithaka, mwenye hoteli Salama, aliinua kalamu, akamtazama Syombua, akamuuliza mwenyekiti jambo kwa Kiingereza. Kilonzo akajibu akitabasamu. Waithaka akaandika. Syombua akaombwa afunge kwa sala, naye akafunga, akimshukuru Mungu kwa kuwapa umoja.

Wiki tatu baadaye lori lilirudi kuchukua saruji. Dereva alikuwa na barua, na mwalimu Mutiso akaisoma kwa sauti nje ya kanisa: bodi imeamua, na mjumbe wa Mutomo amekubali.

"Mama Muthama," Mbinya alimwambia Syombua, mtoto mgongoni, "ulisema nini kule?"

"Sikusema kitu."

"Basi barua imesema nini?"

Hakuna aliyemtukana. Ila Syombua alipoita mwethya kwa ajili ya shamba lake mwezi wa Oktoba, walikuja wawili, na mmoja wao alikuwa dada yake.

Mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika katika kanisa hilohilo la Mutomo mwezi wa Novemba, kwa kuwa wafadhili walitaka kuwaona watu. Walikuja wageni wawili na kamera. Kabla ya kuanza, Waithaka alimfuata Syombua mlangoni. Jambo la ule mkutano wa Machi lilikuwa limemkaa moyoni, alisema kwa Kiswahili chake cha dukani.

"Siku ile niliuliza, mama. Nilisema, mbona huyu amenyamaza? Mwenyekiti akaniambia, kwetu mtu akinyamaza amekubali."

"Alisema kwetu?"

"Alisema kwetu."

Syombua aliingia, akaketi mbele kwenye kiti chenye mikono, kama alivyopangiwa. Hesabu zilisomwa, picha za bwawa la Salama zikaonyeshwa. Kisha Kilonzo alitangaza kwamba wanapendekeza mjumbe wa Mutomo aendelee miaka miwili mingine. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Wanawake arobaini na wawili walitazama sakafu. Hata watoto wao walitulia.

"Amepita bila kupingwa," Kilonzo alisema kwa Kiingereza, na wageni wakapiga makofi.

Syombua alisimama.

"Mwenyekiti, waambie wageni hawa kile walichosema wanawake."

Kilonzo aliinama karibu naye. "Mwaitu," alisema kwa sauti ya chini, "usiniaibishe mbele ya watu."

Syombua alimtazama mtu huyu aliyebebwa mgongoni katika mashamba yao yote. Kisha akamgeukia katibu.

"Waithaka, andika. Wamenikataa. Na Machi nami nilikataa. Andika yote mawili."

Kalamu ya Waithaka ilibaki juu ya karatasi. Alimtazama mwenyekiti, kisha akaandika, polepole, mistari miwili.

Syombua aliacha kile kiti, akatembea hadi kwenye benchi la wanawake wake. Lilikuwa limejaa, na hakuna aliyesogea. Akakunja leso, akaketi sakafuni mbele yao, pale ambapo jembe la mtu lingewekwa. Kilonzo akasoma ajenda iliyofuata.