Pete Iliyolika Upande Mmoja

Ukiishika pete yangu ya ndoa utaona upande mmoja umelika, umekuwa bapa kama ukucha. Haikulika kwa jembe wala kwa kufua. Aliyeila ni sonara aliyetusimamia ndoa, na bado nina hasira naye. Watu wa kanisani huniambia nimsamehe. Wananiambia hivyo wao ambao mpaka leo hawajanisamehe mimi.

Alikuwa na kibanda chake karibu na soko la Musoma. Mtu wa huku huku kwetu, mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya, mcheshi, mwenye mikono midogo kama ya mwanamke. Mume wangu ni mvuvi wa Kibara, pete ingemnasia kwenye nyavu, kwa hiyo ilitengenezwa moja tu, yangu. Dhahabu aliitoa baba yangu. Alikuwa ameichenjua mwenyewe mtoni, upande wa Butiama, akaitunza ndani ya bomba la unyoya wa kuku mpaka siku nitakayoolewa. Sonara akaiyeyusha, akaisawazisha kwa tupa, akanichongea msalaba mdogo kwa ndani. Siku ya harusi alisimama nyuma yetu na pete ikiwa kwenye kiganja chake, akilia machozi kuliko mama yangu.

Kisha ikaja ile miaka ambayo dukani ulimkuta muuzaji na rafu zake, basi. Nyuzi za nyavu zilikuwa hazipatikani kabisa. Mume wangu akakaa nyumbani kwetu Nyakato, hapo hapo Musoma, anakunja mikono, na mvuvi akikaa nyumbani hugombana hata na kuku. Sonara alikuwa na ndugu aliyepitisha vitu mpakani Sirari. Akasema nyuzi zipo, lakini ndugu yake anataka dhahabu. Nikavua pete mbele yake.

“Itabidi niiyeyushe, mama,” akaniambia. “Lakini usisikitike. Njoo tufanye kazi. Vumbi lote la sakafu hii ni lako. Siku nikifunga kibanda utaliosha, na mimi mwenyewe nitakutengenezea pete nyingine.”

Asiyejua kazi ile atadhani nilipewa uchafu. Kwa sonara, sakafu si uchafu. Kila anapopiga tupa chembe zinaruka, zinaingia kwenye nyufa, kwenye aproni, kwenye ufagio. Ndiyo maana sonara hawaiti watu kumfagilia hovyo, na maji anayonawia hayamwagi. Kwa hiyo nilifagia kwa adabu. Nilikusanya vumbi kwenye kopo la maziwa ya unga, na nilipoliona linajaa nilikuwa ninaiona pete yangu.

Nilijifunza na maneno yake. Vile vimeno vinavyokibana kito juu ya pete aliviita kucha. Shimo anamokaa kito aliliita kiti, na kito kikicheza alisema mgeni hajakaa vizuri. Kusugua pete kwa ngozi na unga laini mpaka ing'ae aliita kuiamsha, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, kuziamsha. Vito vyenyewe havikuwepo. Vile vyekundu alivitoa kwenye taa za nyuma za malori yaliyokufa. Alivunja kioo, akakisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka kikapata pande. Hilo hakuwaficha wateja. Maharusi wa kutoka Bunda walicheka, wakavaa taa za lori, wakapendeza.

“Dhahabu ikiwa peke yake inakuwaga laini kama unga wa chapati,” alinifundisha. “Lazima uitie chachu.” Chachu ilikuwa shaba ya njano, kidogo tu, kutoka kwenye koki za mabomba mabovu. Nikaamini kwamba ni kidogo tu.

Mteja akitaka kuhakikisha, sonara alichukua ile pete na jiwe jeusi la kupimia, akageukia dirishani kutafuta mwanga, akaisugua. Kisha alirudi na mstari wa njano juu ya jiwe, akaudondoshea tindikali mbele ya macho yao. Shaba ingechemka na kufutika. Mstari ulibaki pale pale. Nilipenda sana kumtazama akigeuka dirishani vile, kwa utulivu, kama mtu anayesoma Biblia.

Nyuzi zilikuja, mume wangu akarudi ziwani, lakini kidole changu kilibaki kitupu. Kwenye umoja wa akina mama mgeni mmoja aliniuliza kama mimi na mume wangu tumeoana au tumeokotana tu. Nikacheka na wenzangu, nikaenda kulia chooni.

Pete za akina mama zilianza kuwa nyeusi. Walizileta kibandani na vidole vyao vya kijani. Sonara alitikisa kichwa kwa huruma.

“Sabuni hizi za kupika wenyewe. Zinakulaga kila kitu.”

Nani angebisha? Sabuni zile za magadi zilitutoa ngozi. Nikaziamsha pete zao moja moja, wakaondoka wanafurahi.

Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa Musoma, sabuni za kunukia zikarudi, na pete za bei rahisi zikaja zimefungwa kwenye vijaluba vya plastiki. Pete za akina mama zikaendelea kuwa nyeusi vile vile. Niliona, nikajiuliza, nikanyamaza, maana mtu aliyekushikia pete altareni humfikirii vibaya kirahisi.

Wateja walipopungua sonara aliamua kuhamia Mwanza. Kanisa lilimwombea, kwaya ikamwimbia. Naye akatimiza ahadi. Alinikabidhi ufunguo wa kibanda, jiwe jeusi, chupa ya tindikali na sakafu yote. “Kalioshe, mama,” alisema, na machozi yakamtoka tena.

Nilikwangua mpaka kwenye udongo mwekundu. Nililiosha vumbi hilo pamoja na la kopo kwenye karai kando ya ziwa, taratibu, kama baba alivyonionyesha mtoni. Nikachoma ufagio na aproni. Nikavukuta moto mpaka vile vilivyobaki vikayeyuka, vikawa donge la njano kubwa kuliko nilivyoota. Nilicheka peke yangu. Kisha nikalisugua kwenye jiwe, nikadondosha tindikali.

Ule mstari ulichemka povu la kijani, ukafutika.

Nikarudia upande wa pili wa donge. Ukafutika. Mtu anaweza kumdanganya mteja, lakini sakafu inapokea kile kilichopigwa tupa, na sakafu ile haikupokea dhahabu. Miaka yote ile nilikuwa ninaamsha koki za mabomba.

Nilimkuta nyumbani kwake anafunga mizigo. Nikaliweka donge juu ya meza. Hakushtuka. Alilitazama, akafungua kisanduku cha vifaa, akatoa pete, akaniwekea kando yake.

“Hii ni yako.”

Niliigeuza. Msalaba ulikuwemo kwa ndani. Kwa nje upande mmoja ulikuwa umelika.

“Ulisema unaiyeyusha, baba.”

“Ningeiyeyusha, ningepimia nini?”

“Na yule ndugu yako wa Sirari?”

“Yeye nilimpa pete za kawaida, kama za wengine.”

Ndipo nikaelewa kule kugeukia dirishani. Pete ya mteja ilikuwa inabaki kiganjani, na iliyosugua jiwe ilikuwa yangu. Dhahabu ya baba yangu ndiyo iliyokuwa inatoa ushahidi, kila harusi.

“Nilikuahidi pete, nimekupa pete,” akasema, akarudi kufunga kamba. Alikuwa ameudhika kidogo, kama mtu asiyeshukuriwa. Nilitaka kumtemea mate. Nilichukua pete yangu nikaondoka, na mume wangu akanivalisha upya jikoni, mikono yake ikinuka sato.

Sikuweza kukaa na jambo lile. Mkutano wa akina mama uliofuata nilikwenda na jiwe na chupa. Sonara alikuwa ameshafika Mwanza. Niliwaeleza yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikawaambia wavue wapime wenyewe. Walipima. Mistari yao ilifutika mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja alianza kuisugua pete yake upya kwa nguvu, kana kwamba jiwe ndilo lililokosea.

Kisha mwenyekiti wetu akaninyooshea mkono. “Na ya kwako.”

Nikampa. Aliisugua, akadondosha, tukangoja. Mstari ulibaki unang'aa.

“Sisi wote tulikuwa tunakupa wewe pete zetu uzing'arishe,” akasema polepole. “Zinarudi shaba. Halafu ya kwako peke yake ndiyo dhahabu.”

Nikawaonyesha ule upande uliolika. Nikawaonyesha msalaba. Mmoja akasema msalaba hata mwizi anaweza kuuchonga. Yule mgeni wa zamani, aliyeniuliza kama nimeokotwa, alifunga kanga yake, akawa wa kwanza kutoka.

Wamewahi kuniletea ujumbe kwamba nikiitoa pete ile iuzwe, wagawane, yataisha. Siitoi. Niliivaa hata Jumapili iliyopita. Nilipoketi kwenye benchi, mama aliyekuwa kando yangu aliuchukua mkoba wake uliokuwa katikati yetu, akauhamishia upande wa pili.