Msusi aliyebaki na darubini

Jua limeshapanda na wanafunzi wengine wako darasani. Juu ya paa bapa la chuo cha wanawake, mwanafunzi mmoja, msusi wa nywele, anahangaika na darubini.

Ameielekeza juani lakini haichungulii. Mwalimu wa falaki aliwaonya siku ya kwanza kwamba atakayechungulia atatoka kipofu. Mwanga unapita ndani yake na kuangukia karatasi iliyobanwa ubaoni. Hapo jua linaonekana duara, lina madoa meusi. Kazi yake ni kuyachora kila siku yenye jua, aonyeshe yanavyosogea.

Shida ni kwamba jua halitulii. Ukishika penseli, duara linatoka kwenye karatasi. Ukiisogeza darubini, huna mkono wa kuchorea. Ni kazi ya watu wawili.

"Haya, chora, wifi," anasema bila kugeuka. Kisha anageuka. Nyuma yake hakuna mtu.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alifariki, na huu ni mwezi wa pili sasa. Walisuka pamoja katika saluni iliyo mkabala na geti la chuo. Wateja wao, wanafunzi wa fizikia, walisukwa huku vitabu viko mapajani, na wifi aliwauliza maswali mpaka wakachoka. Mwisho akamburuza mwenzake, wakarudia mitihani ya sekondari na kuingia chuo wakiwa watu wazima. Kaka mtu aliwatania kuwa sasa watausuka mwezi.

"Mimi fizikia sikuitaka," anasema msusi. "Nilimfuata yeye. Maneno yake yangemtoa nyoka pangoni."

Wifi ndiye aliyechora, kwa mkono uliozoea kugawa nywele mistari. Michoro yake imebandikwa kwenye ukuta wa maabara. Kisha maradhi ya ini yakamzidi, na mchoro wa mwisho aliuchora ameketi, amejitanda shuka juani.

Mwalimu hakumficha msusi: kazi isipokamilika kabla ya muhula kufungwa, hatafuzu. Akampa binti wa mwaka wa kwanza amsaidie. Msusi akamrudisha, akaletewa tena, akamrudisha tena. Amejaribu kuitegesha darubini kwa matofali na kamba, imeshindikana.

Sababu anaitoa kwa shida. Mkono wa mgeni ukigusa karatasi, kazi ya wifi itakuwa imefika mwisho.

"Kaburini nilitupa udongo kama wengine," anasema. "Lakini huku juu alikuwa bado hajamaliza."

Juzi kaka yake alimfuata saluni, akakaa kwenye kiti cha marehemu na kuuliza michoro imefika wapi. Aliposikia imekwama, akamgeukia.

"Mke wangu aliniunguzia sufuria ngapi kwa ajili ya jua hilo," akamwambia. "Leo uniambie limekwama?"

Walicheka, halafu wakalia hadi mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa akaanza kulia nao.

Kesho binti wa mwaka wa kwanza atapanda paani. Msusi ataisogeza darubini, binti atachora. Wameshakubaliana, kwa sharti moja.

"Nimemwambia akiona nalia asiache, achore tu," anasema. "Jua halitasubiri nifute machozi."