Nilifunga kapteri ya gari nyingine, mama wa watu akaitwa muuaji

Admin, jina langu ulifiche, kazi yangu usiifiche. Nina miaka sabini na sita. Nimepita vita, nimepita kolera, nimezika mafundi wote walionifundisha kushika ufunguo wa boliti. Mpaka leo hapa Rumonge gari ikilia njiani nakwambia ugonjwa wake kabla haijasimama. Shule niliacha mapema, masikio ndiyo yalisoma.

Lakini iko neno halinikalishi. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda mpaka ziwani, narudi, naenda tena.

Wakati wa vita shemeji yangu, kaka ya muke wangu, alikuwa anabeba watu kwa minibus kwenda Bujumbura. Njiani watu walikuwa wanaviziwa. Akaniletea gari: "Shemeji, itie nguvu. Kwenye mlima nataka ipande kama mbuzi anayekimbizwa." Nikausogeza moto wa plagi mbele, gari ikapata mbio. Sasa ukisogeza hivyo, moteri ikibeba mzigo inaweza kugonga ndani kwa ndani mpaka pistoni itoboke. Ubavuni iko kidude tunaita kapteri, kazi yake ni kusikia kule kugonga ili kompyuta irudishe moto nyuma. Ya shemeji ilikuwa imepasuka. Nikafunga ya gari nyingine. Nyuzi ziliingia, waya ukakubali, nikasema imekaa.

Haikukaa. Kila moteri inagonga kwa sauti yake, na kapteri inatengenezwa kusikia sauti hiyo. Ukileta ya moteri nyingine, inakaa pale kama kiziwi kwenye harusi. Na mimi nilijua! Niligonga ubavu wa moteri kwa ufunguo, kapteri ingesikia, mlio wa moteri ungeshuka kidogo, haukushuka. Shemeji akauliza, "Iko sawa?" Nikamujibu, "Endesha. Masikio yangu yanatosha."

Masikio yangu yalibaki garajini, gari ikaenda.

Esansi, petroli yenyewe, aliinunua palepale kwa Mama Riziki, mama wa Kikongo aliyeuza kwa bidoni, yale madumu, kando ya garaji. Mimi mwenyewe niliinusa, nikaimimina kiganjani, ikakauka bila kuacha tone la maji. Safi kabisa.

Mlimani, kabla ya Kabezi, gari imejaa watu, moteri ikafa. Wenye bunduki wakatoka majanini. Abiria walikimbilia ziwani, Mungu akawaficha. Shemeji alipigwa risasi ya goti, mguu ule haujakunjika tena. Tulipofungua moteri, pistoni ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Kapteri nikaifungua kimyakimya nikaitupa ziwani.

Watu wakasema ni esansi ya maji. Wengine wakasema mama yule alitumwa na wenye bunduki, wakamwita muuaji ijapokuwa hakufa mutu. Akaja kwangu analia: "Fundi, si uliinusa? Sema basi!" Nikamwambia, "Mimi ni mutu wa moteri, mama, si mutu wa esansi." Wakamwaga bidoni zake zote. Akavuka kurudi Uvira na watoto wake.

Mwezi uliopita amerudi, kichwa cheupe. Wiki hii akapiga hodi kwangu. "Amahoro, fundi. Sidai kitu. Jumapili nikitoka kanisani twende kwa shemeji yako, umwambie ilikuwa safi. Nimechoka kuitwa muuaji."

Muke wangu alisikia. Alingoja mgeni atoke. "Weye muzee, ukifungua huo mdomo kaka yangu hatakanyaga hapa tena, na mimi nitakwenda kumuuguza kulekule. Huyo mama si alishazoea?"

Neno hilo, alishazoea, ndilo linanizungusha tangu siku ile. Fundi kama mimi hajazaliwa mwingine mwambao huu, hilo silirudishi. Lakini Jumapili ni keshokutwa. Ninyi mulio wengi humo, niambieni: niende naye, ao nife na siri yangu?

Mukidhani naongopa, muulizeni Saidi, fundi wa bodi kule Gatete, tulifungua moteri ile pamoja na tundu aliliona. Lakini kwamba esansi ya Mama Riziki ilikuwa safi, shahidi iko mumoja tu, na ndiye anawaandikia.