Gari Ambalo Halikufaa Kupanda Kwa Mama

Lile gari nililinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anahama Same. Lilikuwa dogo, la Kijerumani, nyuma limekatika wima. Mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo chake. Viti vya ngozi, usukani mwepesi, na ukifunga mlango kelele zote za stendi zinabaki nje. Walimu wenzangu walinicheka.

"Watu huku wananunua magari ya milimani," mmoja akaniambia, "wewe umenunua la kupelekea maharusi."

Hakukosea sana. Mama yangu anaishi Kighare, juu Ugweno, peke yake na migomba yake tangu baba afariki. Jumamosi ya kwanza nikaenda kumwonyesha gari. Kutoka Same hadi Mwanga niliendesha kwa raha. Upepo wa tambarare ile huyumbisha magari, lakini hili lilikuwa limeishika lami sawasawa. Hata kupanda mlima, kona baada ya kona, injini haikulalamika. Nikaanza kujisifu moyoni.

Karibu kabisa na nyumbani, mahali ambapo mvua ilikuwa imechimba njia na kuacha jiwe katikati, nikasikia kishindo chini ya miguu yangu. Niliposhuka, oili ilikuwa inachuruzika kwenye udongo mwekundu.

Mama akatoka shambani, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeegesha katikati ya njia?"

"Sijaegesha. Limepasuka chini."

Aliinama, akachungulia. "Tumbo lake linaburuza. Hili ni gari la watu wa bondeni."

Majirani walitusaidia kulisukuma hadi uani. Fundi aliyepanda kutoka Mwanga alisema sampo yake, lile bakuli la oili chini ya injini, haipatikani karibu. Itabidi iagizwe Dar es Salaam. Nilirudi Same kwa basi, nimenuna, nikiwaza namna ya kuliuza.

Kifaa kilichukua wiki kadhaa kufika. Siku niliyopanda nacho pamoja na fundi, nilimkuta mama ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani. Gari lote lilikuwa limefutwa vumbi.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Nimekaa. Kiti hiki hakiniumizi mgongo." Kisha akasema, bila kunitazama, "Nataka unifundishe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Baba yako alikuwa na pikapu miaka yote ile," akasema. "Nilipomwomba anifundishe, alisema milima hii si ya mwanamke kushika usukani. Nikanyamaza. Sasa nanyamaza kwa ajili ya nani?"

Fundi, ambaye tayari alikuwa chini ya gari, aliitikia kutoka huko: "Mfundishe, dada!"

Basi fundi alipomaliza kulitengeneza, tuliliteremsha gari polepole, mama akaja kukaa kwangu Same. Asubuhi alikwenda chuo cha udereva. Jioni, nikitoka shuleni, tulikwenda kwenye uwanja nje ya mji. Gari lile lilimrahisishia kazi: halina klachi, na linamtii hata akiligusa kidogo. Ila breki zake ni kali. Mara ya kwanza alipozikanyaga, sote tulirushwa mbele, akasema, "Hili lina hasira kama marehemu." Matairi yake nayo ni membamba ubavuni, kila shimo tunalisikia kwenye meno. Na buti linameza mikungu miwili tu ya ndizi. Jambo hilo lilimkera kuliko yote.

Alipopata leseni, alinipeleka yeye mwenyewe hadi Mwanga. Nilikaa pembeni, nimeshika mkanda kwa mikono miwili. Lori lilikuwa mbele yetu, linakwenda taratibu. Mama alitazama kioo, akawasha taa ya kupita, akasubiri njia iwe wazi, akakanyaga. Gari liliruka mbele. Tulipokwisha kulipita alivuta pumzi ndefu, kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu kabisa. Mimi machozi yalinitoka, nikageuka upande wa dirishani.

Mjomba wangu ana duka pale Mwanga. Alitoka kutulaki, akapita upande wangu bila kutazama ndani, akaenda kufungua mlango wa dereva akidhani ni mimi. Akamkuta dada yake. Alisimama mdomo wazi, halafu akapiga makofi.

Siku hizi gari linalala uani kwa mjomba, kwa sababu kule juu bado halipandi. Mama hushuka kwa gari la abiria, analichukua lile la Kijerumani, anakwenda zake. Juzi alikuja kwangu na shoga zake wawili wa kwaya. Walipomaliza chai akatangaza kwamba watakwenda Moshi.

"Mama, unazijua barabara za Moshi?"

"Sizijui," akasema, akitafuta ufunguo mkobani. "Tutauliza."