Bendi yetu ya soul "kutoka Uingereza" ilivyovunjikia Buffalo, bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi

Wakuu, heshima zenu. Sitii chumvi hapa, nilikuwepo, nyuma ya kinanda.

Mwaka 2015 nilikuwa Louisville, Marekani, napakia maboksi warehouse kule Okolona. Binamu yangu Deo akahamia kwetu kutoka Uingereza, alikokulia. Jamaa ana sauti ya soul, ule muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, acha tu.

Akatukusanya mimi na wenzangu wawili wa kwaya, mpiga drums na mpiga gitaa, akatutangaza kama bendi ya soul kutoka Uingereza.

Sisi watatu ni Warundi wa kambini Tanzania! Uingereza tuliiona kwenye TV.

Tukapiga harusi Columbus, watu wakapagawa. Simu zikaanza kuingia. Deo akawa anavaa miwani ya jua hadi jikoni.

Kisha mdogo wangu Esta akawa anaolewa Buffalo. Alichoniomba ni kimoja: baba hayupo tena, basi kaka ampigie wimbo wa kuingia ukumbini. Hilo nililibeba moyoni.

Sasa mnajua maharusi wetu wanavyoingia. Hatua mbili mbele, moja nyuma, uso wa huzuni. Mlangoni hadi meza kuu ni nusu saa, na muziki haukatwi. Kule Columbus, DJ ndiye aliyewaingiza maharusi, kwa hiyo Deo hakuijua hiyo shughuli. Nikamweleza. Akasema soul ni dakika nne, wimbo ukiisha umeisha.

Nikadhani utani.

Dakika nne zikaisha. Esta yuko katikati ya ukumbi, mguu mmoja hewani. Deo kainama, anasubiri makofi.

"Endelea," nikamnong'oneza.

"Umeisha," akajibu, anatabasamu.

Wakuu, nilitamani kulia.

Mama akainuka, akamnyang'anya maiki, akaanzisha pambio la kanisani. Vidole vyangu vikamfuata. Drums zikaingia, gitaa likaingia. Esta akashusha mguu, akaendelea.

Deo akanuna, akatangaza kwamba bendi imevunjika. Bila maiki, nani amsikie? Watu walikuwa wanacheza.

Esta alipofika meza kuu aligeuka kunitafuta kwa macho. Hapo nililia kweli, huku napiga.

Nilichojifunza: harusini kwetu wimbo unaisha bibi harusi akishakaa.

Waliowahi kupiga muziki harusini, mwageni yenu hapa. Na Deo, kama umo humu, Mama anasema uje ule, hana kinyongo.